Jozi Arobaini Juu ya Kalenda

Jumamosi, 9 Novemba
Siku tano kabla ya mtihani wa kuingia chuo kikuu. Binti yangu Eun-chae anaurudia mara ya tatu. Mara zote kaangushwa na Kiingereza, na mwalimu wa Kiingereza ni mimi baba yake! Aibu gani hii. Yanayomponza ni maneno yanayofanana sura. Jana kachanganya tena considerate na considerable. Nikamweleza: la kwanza ni mtu anayewajali wenzake, la pili ni kitu kikubwa, si haba. Akasema amechoka.

Jumanne ni mwaka tangu mama yake afariki. Akipika vyakula vya tambiko, ambavyo roho ya marehemu huja kula mezani, atalia wiki nzima, maneno yote yamtoke. Siku hiyo huhesabiwa kwa mwezi mwandamo, na vijana hawajui kuhesabu. Nimemwambia ni baada ya mtihani. Kalenda ya jikoni nimeifunika kwa karatasi ya jozi arobaini za maneno yanayofanana, ajipime. Akili ninayo!

Jumanne, 12 Novemba
Kapata jozi thelathini na nane! Nilijifungia chooni, nikafungulia bomba nisisikike, nikamwomba radhi mke wangu.

Jumatano, 13 Novemba
Balaa. Shemeji Mal-sun, dada wa marehemu, kapiga simu kutoka Mokpo. Kapokea Eun-chae. Kaulizwa kama samaki wa tambiko jana walipatikana. Kisha akaibandua ile karatasi polepole, bila kuichana. Nikajitetea kwamba marehemu mwenyewe angetaka afaulu.

“Baba, mama alikuja jana akakuta meza tupu.”



Alhamisi, 14 Novemba
Nilisubiri kwenye lango la shule na wazazi wengine, chupa ya chai mkononi. Watoto wote wakatoka. Wangu hakuingia kabisa. Kumbe alipanda basi la asubuhi kwenda Mokpo, akampikie mama yake huko. Nililia mbele za watu.

Jumapili, 17 Novemba
Shemeji anasema Eun-chae anauza naye samaki sokoni, na harudi. Kanikemea: “Shemeji, hebu mwache mtoto apumue!”

Nimemwandikia Eun-chae barua, ukurasa mzima. Nimekiri nimewakosea wote wawili, yeye na mama yake. Nimesema nyumba imenishinda kwa upweke. Kila neno ni kweli.

Nyuma ya karatasi palibaki peupe. Nikajaza jozi ishirini mpya. Majibu ayatume kabla ya Ijumaa.