Mafuta ya Viatu na Kisahani cha Hadubini

Jumatatu, 4 Machi
Hatimaye! Daktari Mkuu wa maabara ametangaza kuwa chumba cha hadubini mpya kinahitaji msimamizi. Chumba kina ufunguo wake, feni, na kiti kinachozunguka. Atachagua Ijumaa. Mkataba wangu nao unaisha Ijumaa. Hiyo si bahati, hiyo ni ishara.

Tunaoitaka nafasi ni wawili. Mimi, na jirani yangu wa meza, ambaye maabara nzima inamwita Usahihi kwa sababu hupangusa kalamu kabla ya kuandika. Nikikosa, Baba Mkwe atanichukua kwenye karakana yake ya viatu. Keshanitengenezea kigoda. Mke wangu anasema ni kigoda kizuri. Sikumuuliza.

Jumanne, 5 Machi
Hadubini yenyewe ni kiboko. Chini kuna kichujio kinachopitisha mwanga wa mwelekeo mmoja tu. Juu kuna kingine kinachouzuia huohuo. Ukichungulia, giza totoro. Lakini weka katikati kipande chembamba cha nyama chenye kolajeni, yaani zile nyuzi zinazoshikilia ngozi, kano na makovu, uone! Nyuzi zinawaka kama makaa. Daktari Mkuu alieleza mengine mengi, kuhusu kisahani cha kuwekea sampuli na kwa nini lazima kizungushwe. Wakati huo nilikuwa nakitazama kiti.

Jioni nikapata wazo, tena nikiwa naoga. Baba Mkwe ana mafuta ya kulainishia ngozi ngumu za viatu. Ngozi ni kolajeni. Kovu ni kolajeni. Basi mafuta ya viatu ni dawa ya makovu! Nimekwenda karakanani, nikabeba kopo zima Baba Mkwe alipogeuka kutafuta nyundo. Mke wangu ana kovu la pasi mkononi, nikataka nianze naye. Ameniambia nikajipake kichwani, ndiko kwenye ugonjwa.

Jumatano, 6 Machi
Muuza nyama alinipa kano ya ng'ombe bure, akidhani nafuga mbwa. Nusu nililoweka kwenye mafuta tangu jana, nusu nikaiacha hivihivi. Leo nimekata vipande vyembamba, nikavitia rangi nyekundu ya maabara, ile ya kukolezea kolajeni, nikabandika kila kimoja kwenye kioo chake. Kile kisicho na dawa nilikibandika upogoupogo, kwa kuwa hakikuwa na hadhi yoyote. Kile chenye dawa nilikinyoosha sambamba na ukingo wa kioo, kwa heshima zote.

Cha kwanza kinawaka. Cha pili, giza! Kolajeni yote imeyeyuka! Nililia kidogo, sioni aibu kusema.

Usahihi alikuja kuchungulia, akauliza kama nimezungusha kisahani. Nikamwambia wivu hauna dawa. Akasema yeye anauliza tu. Hawa wa kuuliza tu ndio wa kuogopwa. Nimekifunga kisahani kwa utepe wa gundi, asije akakigusa.

Alhamisi, 7 Machi
Mlinzi wa getini ana kovu kidevuni. Nimempaka. Asubuhi nzima amenukia soli mpya, na wageni wawili wamemuuliza duka liko wapi.

Baba Mkwe amepiga simu kuulizia kopo lake. Nikamjibu kuwa sayansi inamshukuru. Akasema sayansi imrudishie kopo. Nimemwambia mke wangu kigoda kile ampe mtu mwenye shida. Aliendelea kukunja nguo.

Ijumaa, 8 Machi
Siyaandiki haya kwa furaha.

Maabara nzima imekusanyika. Picha ya hadubini inaonekana ukutani. Nimeonyesha kano isiyo na dawa, watu wakastaajabia uzuri wake. Nikaweka yenye dawa. Giza. Nikatangaza kwamba makovu yamefikia mwisho wake hapa duniani, na nilipoinua mkono kuonyesha duniani ni wapi, kifungo cha mkono wa shati kikanasa kwenye utepe. Utepe ukabanduka. Kisahani kikazunguka kidogo.

Ukuta ukawaka. Nyekundu, dhahabu, nyuzi zote pale pale, nzima, zimejipanga kama meno.

Nikasema dawa imeisha nguvu. Daktari Mkuu akaja taratibu, akarudisha kisahani. Giza. Akakizungusha tena. Mwanga.

"Inaisha nguvu, halafu inapata nguvu, halafu inaisha?" akauliza.

Nikasema ni dawa ya ajabu. Kisha akaeleza tena yale ya Jumanne. Uzi ukilala sambamba na kichujio huonekana kama haupo, ndiyo maana sampuli huzungushwa. Safari hii nilisikiliza, maana hapakuwa na pengine pa kutazama. Usahihi hakucheka. Hilo ndilo limeniuma zaidi. Kiti amepewa, na ufunguo.

Jumamosi, 9 Machi
Mlinzi amenisalimu vizuri tu, ila kovu lake limeanza kung'aa. Nimeondoka na sanduku langu la vitu, pamoja na vichujio viwili vikuukuu vilivyokuwa vinatupwa.

Nyumbani mke wangu aliniwekea chai, akakaa mbele yangu. "Mume wangu, ulipewa chombo cha kuona," akasema, "ukakifunga kwa utepe." Nimeumia sana. Nitalitafakari neno hilo kwa kina.

Jumatatu, 11 Machi
Nimelitafakari. Tatizo lilikuwa utepe. Haukuwa imara.

Kigoda ni kizuri kweli, haki ya mtu apewe. Baba Mkwe ametoka kununua gundi, akaniachia kiatu kimoja nikishone. Ngozi imejaa nyufa hadi kisigino. Nikaweka kichujio kimoja kwenye taa, kingine mbele ya jicho. Nyufa zote zikaonekana, hadi zile ndogo. Nikazungusha kichujio robo duara, mwanga ukafifia. Zimekwisha! Ngozi laini, kiatu kipya, nami sijagusa hata sindano!

Nimekipachika kichujio kwenye fremu ya mbao, mteja achungulie humo akija kuchukua kiatu chake. Kiatu ni cha Usahihi, anapita kesho asubuhi akielekea kazini. Nimefunga fremu kwa utepe, safari hii raundi tano, asije akakizungusha.