Choo cha Tata Kabemba

Jumatatu, 7 Oktoba
Mvua ya kwanza imeangusha choo chetu. Bibi yangu Laurentine, mke wa ndoa, anaenda kujisaidia kwa jirani, Mukalay. Kwa Mukalay! Amesema: Jumapili ikifika bila shimo jipya, anaenda kwa dada yake kule Likasi. Na bukari, ugali wangu, nani atanisongea? Nimechukua koleo. Nimeliinua. Nimelirudisha. Udongo ungali na maji. Kesho!

Jumanne, 8 Oktoba
Udongo umekauka mno. Ukweli ni huu, na usimwambie mtu: mzee akichimba, kifo kinadhani ni kaburi, kinakuja kupima urefu. Mi naogopa. Mukalay amechungulia juu ya ukuta, akauliza kama tata Kabemba, ndio mi mzee, anachimba kwa macho. Nikamjibu nafanya etidi kwanza, naupima udongo kwa akili, kama enjenia.

Jumatano, 9 Oktoba
Akili imeshuka! Nimemnong'oneza Gael, mchimbaji wa madini kule Kasulo, kwamba nyuma ya jikoni yangu naona majiwe ya kijani, yale ya shaba. Nikamkataza kabisa asiseme. Kabla ya jua kuzama lupango, ua wangu mzima, imejaa batoto wa machimbo na nyundo zao. Watachimba, watakosa, watajiendea. Mi nabaki na shimo. Bure! Nimekaa kwa kiti, nawapa mashauri.

Ijumaa, 11 Oktoba
Shimo refu, zuri! Nikawaambia inatosha. Gael akacheka: inatosha namna gani, tata, tumeipata! Jiwe la kijani, la kweli! Mi mwongo, udongo mkweli. Sasa wanafuata mshipa kwa upande. Upande gani? Kwa Mukalay. Nilitaka kuwakataza. Nikasema nile kwanza.

Jumamosi, 12 Oktoba
Choo cha Mukalay kimeingia ndani ya shimo langu. Mlango, ukuta, na vyote vilivyokuwamo. Mungu mwema, hakukuwa na mtu. Batoto wamekimbia, wakiziba pua. Mukalay amenitukana kwa Kiluba kizuri sana. Laurentine, asiye tena na pa kwenda, anafunga mizigo. Nimeapa mbele yake: kesho nachimba mwenyewe!

Jumapili, 13 Oktoba
Siku ya Bwana. Kazi ni dhambi. Laurentine amepanda gari la Likasi, sufuria inanitazama. Mukalay, mpagani, anachimba toka asubuhi. Ameniita kwa ukuta: njoo tusaidiane, tata, choo kitakuwa chetu wote, mama Laurentine atarudi. Maneno mazuri. Nimesimama. Nimevaa kiatu kimoja. Ndipo akili ikashuka tena: kule machimbo ya Musonoi kuna batoto wasionijua. Wakisikia kwamba kwa Mukalay kuna dhahabu...
Kesho nitavaa cha pili.