Kitambi Kapiga Teke Ndoo

Jumatatu, 4 Machi
Aibu! Mkurugenzi, mgeni asiyejua Kiswahili hata cha kuombea maji, kaja stoo kunipa kazi ya kuhesabu mikebe ya rangi. Kasema kwa Kiingereza chake kwamba ni kipande cha keki. Nikaenda kantini kuchukua sahani. Na uma! Mkuu wa stoo, tunayemwita Kitambi, kacheka mpaka kashika rafu. Katangaza mbele ya wote kwamba maana yake ni kazi rahisi, na kwamba mimi cheo chake sitakipata hata akistaafu. Na jinsi ninavyokitolea macho kile kiti! Namchukia yeye na tumbo lake.

Jumanne, 5 Machi
Nimeazima kitabu cha misemo ya Kiingereza kwa shemeji. Nakariri kwa sauti, mke wangu kaziba masikio. Kwao mvua kubwa ni paka na mbwa wanaanguka. Kutoboa siri ni kumtoa paka mfukoni. Wana ugomvi gani na paka? Na mtu akifa, sisi twasema kwa adabu kaaga dunia. Wao wasema kapiga teke ndoo. Marehemu! Teke! Haya, nimeshika. Tuone nani atanicheka.

Jumatano, 6 Machi
Mkurugenzi kanikuta koridoni, uso umemsawijika. Kasema Kitambi kapiga teke ndoo pale ngazini asubuhi, leo hatumwoni tena. Nikaelewa palepale, bila sahani! Nikamwambia njia yetu sote ni moja. Katikisa kichwa, kaenda zake. Nikalia kidogo, kwa heshima, kisha nikatangaza kantini. Wapishi wakaangua kilio. Nikampigia simu mke wa Kitambi, nikamwambia ajikaze, kazi ya Mungu haina makosa. Nikasikia simu ikianguka. Basi nikahamia kiti cha marehemu. Kinazunguka! Kabla ya chakula cha mchana barua yangu ya kuomba cheo ilikuwa mezani kwa mkurugenzi.

Alhamisi, 7 Machi
Marehemu kaja kazini. Anachechemea, kidole gumba cha mguu kimefungwa bandeji. Kumbe ndoo ilikuwa ndoo, ya mfagizi, imejaa maji! Kanikuta nazunguka kwenye kiti chake, picha yake nimeifunga kitambaa cheusi. Hakufoka. Kasema kwa sauti ndogo kwamba alipotoka zahanati alimkuta mkewe sakafuni, kakumbatia shati lake. Niliona haya. Kisha nikakasirika. Kosa ni langu, au la mtu asiyetazama anapokanyaga? Lakini nimeapa: kuanzia leo Kiingereza nakichukua kama kilivyo.

Ijumaa, 8 Machi
Mkurugenzi kaniita ofisini. Barua yangu mkononi, Kitambi pembeni. Kasema kwa Kiingereza kwamba ananipa gunia. Gunia! La nini, hakusema, nami sikuuliza, mtu mzima hachagui zawadi. Nikashukuru, nikawapa wote mkono. Kitambi kageuza uso. Wivu huo. Mlinzi kachukua kitambulisho changu na ufunguo wa stoo, bila shaka ili mikono yangu iwe huru kubeba. Nimesubiri getini mpaka wamefunga, hakuna aliyelileta. Si kitu, nimeshaazima toroli la jirani, Jumatatu nalifuata. Nyumbani nimempa mke wangu habari njema. Kakaa chini, kalia, kauliza sasa tutakula nini. Nikamjibu itategemea lina nini ndani.