Malalamiko Kuhusu Chafya ya Pili

Bujumbura, avenue ya kumi na moja
Alhamisi, 31 Agosti 1995

Kwa Mheshimiwa Chef wa Zone,

Kwa heshima zote, mimi Shakuru Sleiman, fundi wa redio, nashika kalamu baada ya kuifuta vumbi, kukuletea malalamiko juu ya pua yangu. Najua una mambo mengi. Wiki hii tu mji umefungwa siku mbili kwa ville morte, ule mgomo wa kufunga maduka na barabara, na risasi tumezisikia mpaka alfajiri. Lakini pua yangu imeingizwa katika usalama wa taifa bila ridhaa yangu, na wa kuitoa humo ni wewe, mkuu wa eneo letu.

1. Kwanza, kiangazi. Tangu Juni hatujaona tone la mvua. Malori ya askari waliokwenda kuwatoa watu makwao, mtaa wa Kamenge, yalipita mtaani kwetu, na vumbi lake halijatua hadi leo. Bi Khadidja, muuguzi mstaafu, alinimulika puani kwa tochi akasema ni alerji, inaletwa na vumbi na unga wa maua ya nyasi. Akaniagiza nifunge madirisha, nitandike kitambaa kibichi mlangoni, nioshe pua kwa maji ya chumvi asubuhi na jioni, na nimeze vidonge. Vidonge havipo mjini. Mengine nimetii. Madirisha nimeyafunga vizuri kiasi kwamba hakuna anayeona ndani hata mchana, na nasikia hilo nalo limeandikwa kuwa kosa.

2. Jirani yangu Népomuscène. Kati yetu kuna ukuta wa tofali moja. Kwa wiki tatu amekaa upande wake na daftari, akihesabu chafya za nyumba yangu, kisha akakuletea ripoti: kuna chafya nyembamba na chafya nzito, mke wangu Mwanne hapigi chafya kabisa, kwa hiyo nimeficha mwanamume wa pili, tena aliyetoka Kamenge. Nampongeza. Masikio kama yale yangenifaa sana katika kazi yangu ya redio. Ila hesabu yake ina kasoro. Mimi, Mheshimiwa, nina matundu mawili ya pua. La kulia linapiga nyembamba, la kushoto linapiga nzito. Siku za vumbi jingi yanapiga pamoja, ndiyo maana aliwahi kusikia zote mbili kwa mpigo. Ameandika pia kwamba Mwanne huosha sahani tatu. Mgonjwa wa alerji hula mara mbili.

3. Tukio la jana. Sajini na askari wanne walikuja alasiri, wakabisha hodi kwa buti. Sajini alikaa kwenye kiti changu cha kazi, bunduki magotini, akaniambia, “We muzee, piga ile nyembamba.”

Nikajaribu. Mgonjwa yeyote atakuthibitishia kwamba chafya haiji kwa kuitwa. Nikamwambia, “Chef, pua inaogopa. Ungoje kidogo.”

“Tutangoja,” akasema. “Mi sina haraka. Ikitoka nyembamba, utapiga na ile nzito.”

Tukangoja. Nyumba ilikuwa kimya kabisa. Ndipo kutoka nyuma ya kabati, ambako hakuna mtu yeyote, ikaanza kusikika ile pumzi ndefu inayotangulia chafya. Huenda alikuwa panya, nao wana alerji. Sajini akageuza kichwa. Wakati huohuo Mwanne, aliyekuwa akichochea makaa mlangoni mwa jikoni, alimimina kopo zima la pilipili ya unga juu ya moto.

Mheshimiwa, tulipiga chafya sote. Sajini alipiga nyembamba na nzito na nyingine ambazo bado hazina jina. Askari walikimbilia barabarani machozi yakiwatiririka, na kama kuna aliyepiga chafya nyuma ya kabati, hata Népomuscène hakuweza kumwandika. Mwanne alimfuata sajini na kikombe cha maji, akamwambia kwa unyenyekevu, “Munisamehe, baba, mukono umeteleza.” Mimi nilibaki nimeshika meza. Sijawahi kuogopa namna ile, wala kumpenda mke wangu namna ile.

4. Sajini ameahidi kurudi kesho Ijumaa na daktari wa kupima pua za nyumba nzima. Kwa hiyo naomba yafuatayo. Barabara zimwagiwe maji kabla ya kila operesheni. Watu wafukuzwe makwao msimu wa mvua tu, vumbi likiwa limelala. Kila nyumba itangaziwe idadi ya chafya inazoruhusiwa, ili raia mwema ajizuie. Na Népomuscène apandishwe cheo, apelekwe ziwani kuhesabu viboko, ambao hawana cha kupoteza.

Nakuachia uamuzi, nikiwa nimefunika pua. Nisalimie mama wa nyumbani kwako, makarani wako wote, na hasa sajini. Mwambie aoshe pua kwa maji ya chumvi.

Raia wako mtiifu,
Shakuru Sleiman

N.B. Kabla sijaifunga barua hii, shemeji yangu Akilimali alifika na kamionete ya mizigo iliyojaa magunia matupu, na chini ya magunia nafasi ilitutosha sote. Naimalizia Uvira, ng'ambo ya mpaka, siku tatu baadaye. Tafadhali futa namba 2 yote. Tundu langu la kushoto halijawahi kupiga chafya nzito hata siku moja. Ile ni ya Callixte, mwalimu wa Kamenge, aliyelala nyuma ya kabati letu tangu Juni. Népomuscène alihesabu sawasawa. Huku vumbi ni lilelile na Callixte hajapona. Jana sokoni alipiga moja, nzito sana, kisha akainama nyuma ya meza ya watu kujificha. Mama muuza ndagala, wale dagaa wa ziwani, alimtazama kidogo, akamwambia, “Pona, baba,” akaendelea kupima ndagala zake.