Unga wa Misuli na Safu ya Kwanza

Leo nimefedheheka, tena mbele ya watu wenye udhu.

Nnawaandikia kutoka kwenye kompyuta ya kukodi hapa Shangani, na kanzu yangu bado mbichi mabegani. Nimeona bora mlisikie kwangu kabla halijawafika kutoka Chukwani, maana likipita midomo minne litakuwa jambo jingine. Nitajaribu kusema kwa haki, hata pale ambapo haki hainipendezi.

Kwa wale wasionijua humu kundini: mimi ni fundi wa mafeni na mafriji, dukani Mlandege, nyumbani Malindi. Shule niliishia kidato cha pili, kwa hiyo mkikuta herufi imekaa vibaya nisameheni. Na mimi ni mwembamba. Kanzu yangu hunikaa kama imetundikwa msumarini. Ukoo wetu wote hivyo. Picha ya babu yangu iko ukutani, mwembamba kama fimbo aliyoishika, na alizaa kumi na mmoja. Lakini zama za babu mtu mwembamba alikuwa mwembamba, basi. Siku hizi ukiwa mwembamba watu wanashusha sauti unapopita.

Miezi mitatu nyuma, shangazi yangu Bi Zuwena alikwenda Chukwani kwa Mzee Humud kuniposea binti yake, Salma. Huyo Salma nimemwona mara mbili tu, mara zote yuko na mama yake, wamekuja dukani na feni. Mara ya pili feni haikuwa na ubovu wowote. (Kwa haki: huenda ilikuwa mbovu ikapona njiani.) Tangu siku hiyo mimi si mtu mzima wa akili.

Mzee Humud hakuwa na neno juu ya ukoo wetu, wala kazi yangu, wala sala zangu. Aliuliza jambo moja, kwa adabu zake: "Kijana hajambo lakini?" Shangazi akajibu hajambo. Mzee akasema vyema, tusubiri kidogo, tumwone. Shangazi alinisimulia haya huku anapepeta mchele, wala hakuninyanyulia macho.

Lile "lakini" lilinikaa kooni kama mwiba wa samaki changu.

Nina rafiki yangu Suleiman, tunamwita Sule, ananyanyua vyuma kwenye banda moja kule Amani. Sule akiingia mlangoni kifua kinaanza, yeye anafuata. Nduguye alimletea kutoka Dubai kopo la unga wa misuli, kopo kubwa kama la rangi ya nyumba, lina picha ya mtu ambaye mishipa imemtoka kama mizizi ya mkoko. Nilipomweleza yangu, akanipa la pili alilokuwa nalo. Akaniambia mwezi mmoja tu hata mama yako hatokujua. Akaniambia pia, na hili lazima niliseme, kwamba ukinywa bila kunyanyua vyuma ni kazi bure. Nilimsikia vizuri. Sikutaka kumsikia.

Sikukurupuka lakini. Nililipeleka kopo duka la dawa pale Darajani, nikamuuliza mama anayeuza kama kitu hiki kinanifaa. Akaligeuza, akavaa miwani, akasoma yale maandishi madogo ya nyuma ambayo mimi nilikuwa nimeyaruka. Kisha akaniuliza asubuhi nakula nini. Chai ya rangi na mkate wa boflo. Mchana? Nikikumbuka. Jioni? Kilichobaki. Akanirudishia kopo langu.

"Mwanangu, wewe hukupungukiwa na unga. Umepungukiwa na chakula. Kula samaki, kula kunde, kula mayai, kisha uje baada ya mwezi tuzungumze. Na hiki kimetengenezwa kwa maziwa. Maziwa unayaweza?"

Nikasema nayaweza.

Hapa nataka mnielewe. Maziwa siyanywi tangu utoto, yananivuruga tumbo, nyumba nzima inajua. Lakini maziwa niliyokuwa nikiyajua mimi ni meupe. Haya ya kopo yalikuwa ya rangi ya udongo na yananukia chokoleti. Nikayahesabu ni kitu kingine. Mtu anayetaka kujidanganya huwa hodari kuliko wakili.

Nikanywa wiki tatu. Kijiko cha kopo kimoja kwa siku, kama ilivyoandikwa. Ninalo daftari langu ninaloandikia mambo ya kila siku, na leo nimelisoma tena. Jumatatu: tumbo linanguruma. Jumanne: linanguruma. Jumatano: naona kama bega limejaa. Alkhamisi: lilikuwa shati. Mkanda wa suruali haukuhama tundu. Kitu pekee kilichokua mwilini mwangu ni sauti ya tumbo. Mtu mwenye akili angeacha. Mimi niliandika, "Tumbo linazoea."

Leo asubuhi Mzee Humud akaniletea salamu: njoo tusali Alasiri msikitini kwetu, kisha unywe kahawa nyumbani. Shangazi akaniambia hiyo ndiyo siku ya jibu, nikate kucha.

Baada ya Adhuhuri nikakoroga vijiko vitatu.

Nilifikiri nini? Nilifikiri kifua kitajaa baina ya Adhuhuri na Alasiri. Fundi mzima, ninayewaambia wateja kila siku kwamba friji halipoi papo kwa papo.

Nimefika Chukwani mapema, nikakusudia kukaa safu ya mwisho, karibu na mlango, maana njiani tumbo lilikuwa lishaanza kuzungumza. Mzee Humud akaniona. "Shikamoo." "Marahaba, mwanangu, karibu." Akanikamata mkono, akanipitisha katikati ya watu mpaka safu ya kwanza, akanisimamisha kuliani kwake. Huwezi kumnyang'anya mkono wako baba wa mtu.

Sala ya Alasiri, kama mjuavyo, imamu anasoma kimya kimya. Ingekuwa Magharibi, sauti yake ingenisitiri. Tena umeme ulikuwa umekatika, mafeni yamesimama, na mimi ndiye fundi wa mafeni. Kimya kile ungesikia mtu akimeza mate.

Rakaa ya kwanza ikapita. Rakaa ya pili, nikiwa kwenye sijida, nikahisi kitu. Kimetoka au hakikutoka? Chuoni, kwa mwalimu wa Kurani, tulifundishwa kwamba mtu asiikate sala kwa shaka, mpaka awe na yakini. Mimi kwa kawaida shaka inanitesa. Nikifunga duka narudi mara mbili kulitazama kufuli. Leo niliishika ile shaka kwa mikono yote miwili. Nikajiambia hakikutoka. Nikajiambia ni hisia tu. Nikaenda nayo hivyo mpaka rakaa ya tatu.

Nilipoinama kurukuu, yakini ikaja. Sauti yake ilikuwa ndogo, kama mlango wa friji unaofunguliwa taratibu. Nadhani haikumfika jirani. Ilinifika mimi, na ilitosha.

Sasa, tumefundishwa adabu nzuri kabisa: udhu ukikutoka ndani ya jamaa, shika pua utoke. Watu watadhani umetokwa na damu ya pua, na wewe utakuwa umesitirika. Basi nikashika pua. Nikageuka, nikapita baina ya watu wa safu ya pili, ya tatu na ya nne, vidole puani, macho chini. Nikaenda hodhini, nikatawadha upya, nikarudi nikasimama nyuma kabisa, nikaiwahi rakaa ya mwisho. Zilizobaki nikazikamilisha peke yangu. Nilipotoa salamu nikamshukuru Mungu kwa sitara yake. Nikageuka.

Mzee Humud alikuwa amesimama nyuma yangu na leso iliyorowana. Pembeni yake shemeji yake, Bwana Khalfan, aliyestaafu kazi ya uuguzi. Nyuma yao wazee watatu wenye huruma.

Wakanikalisha kwenye baraza ya msikiti. Bwana Khalfan akaniinamisha kichwa mbele. Mzee mmoja akasema sivyo, damu ya pua kichwa kinapelekwa nyuma, akakipeleka nyuma. Wakavutana kidogo na kichwa changu. Wa tatu akaona wanachelewa, akanimwagia kata ya maji utosini. Ndiyo haya yaliyoko mabegani.

"Hata tone kwenye kanzu," mmoja wao akanisifu. "Aliwahi kushika."

Nikaitika, "Naam." (Nilikuwa nimewahi kushika. Sikusema damu. Wala sikusema si damu.)

Kisha Bwana Khalfan akaanza kuniuliza maswali ya kazi yake ya zamani. Inakutoka mara ngapi kwa mwezi? Unapata homa? Unatoka jasho ukilala? Mwili ulikuwa hivi hivi, au umepungua? Kila swali sauti yake ilishuka daraja moja. Yule mzee wa kata alikuwa ameletewa kahawa ya barazani, akaweka kikombe chake karibu na goti langu. Nikakiona kikombe kinahama, taratibu, mpaka upande wa pili.

Hapo ndipo nilipouma meno. Wiki tatu nimeteswa na kopo ili watu wasinidhanie maradhi, na kopo lilelile ndilo lililonikalisha hapa, kichwa kimerowana, ninahesabiwa siku zangu.

Mzee Humud akakaa karibu yangu. Yeye hakusogea, hilo nitamkumbukia.

"Mwanangu, maradhi ni ya Mungu, wala sikulaumu. Ila mimi ni baba. Kama kuna jambo, niambie leo, nisije nikaulizwa mbele ya haki."

Nikapima. Nikibaki na damu yangu ya pua, nitakuwa mgonjwa mwenye heshima zake, na Salma nimemkosa. Nikisema kweli, nitakuwa mzima, lakini mzima wa namna gani. Nilipima muda mrefu kidogo, maana Bwana Khalfan alishaanza kunishika mapigo ya mkono.

"Mzee," nikasema, "si damu."

"Ni nini basi?"

"Udhu ulinitoka."

Akanitazama. "Tumbo?"

"Tumbo."

Hakuna aliyecheka. Wangecheka ningefarijika. Mzee akauliza nimekula nini, nami nikaona nishafungua mlango, bora nitoe kila kitu. Nikawaeleza kopo, picha ya mtu wa mishipa, vijiko vitatu. Akauliza kwa nini. Nikamwambia, "Kwa sababu uliuliza, kijana hajambo lakini."

Yule mzee wa kikombe hakukirudisha. Sasa alikuwa na sababu nyingine.

Bwana Khalfan akaniachia mkono wangu. Akasema watu wengi hawayawezi maziwa ukubwani na si maradhi, na unga hata ukiunywa mwaka haukai kwenye mkono usiobeba kitu. Akaniuliza mimi ni mjukuu wa nani wa Malindi. Nikamtaja babu. "Yule?" akasema. "Yule alikuwa mwembamba kuliko wewe, na amewazika wenziwe wote wanene." Maneno mazuri. Ningeyapata wiki tatu nyuma, bure.

"Mimi niliuliza swali," Mzee Humud akasema. "Ungekuja mwenyewe ukaniambia sijambo, ningetosheka."

Sijui. Yeye pengine angetosheka, ni mtu mwema. Wale wanaohamisha vikombe wasingetosheka, na binti haolewi baba peke yake akiwa shahidi, anaolewa mtaa mzima ukitazama. Lakini sikusema. Nilikuwa nishasema ya kutosha kwa siku moja.

Tukaenda nyumbani kwake. Kahawa ikaja, halua ikaja, sikugusa. Mzee akasema kwa upande wake ameridhika, kijana anayesema kweli katika jambo kama hili hatamficha jambo dogo. Nusura nilie. Ila akasema binti lazima aulizwe, tena aulizwe akiwa anajua kila kitu, pamoja na la leo. Nikamwomba la leo alifupishe. Akasema hawezi, itakuwa ghushi. Akaingia ndani.

Mimi na Bwana Khalfan tukabaki sebuleni tunatazama halua. Nikasikia sauti ya mzee inaeleza, inaeleza, inaeleza. Kisha nikasikia kicheko. Cha msichana. Kilianza kidogo kama mtu anayekizuia kwa mtandio, kikashindikana, kikatoka chote. Nikamsikia mama yake anamnyamazisha, kisha mama naye akashindwa.

Mzee akatoka, akakaa.

"Amecheka," akasema.

"Nimesikia," akasema Bwana Khalfan. "Hakusema neno?"

"Kila akitaka kusema anacheka."

Wakatazamana. Bwana Khalfan akasema binti akiulizwa akinyamaza amekubali, na akicheka naye amekubali, hayo yanajulikana. Mzee akasema ndiyo, isipokuwa kicheko cha kejeli, hicho si ridhaa. Bwana Khalfan akauliza hiki kilikuwa cha namna gani. Mzee akafikiri sana, akasema yeye amekisikia kama furaha, lakini mama mtu alipoingilia kilichanganyika. Wakaniuliza mimi nilikisikiaje. Nikawaambia kwa haki kwamba siwezi kuwa shahidi kwenye jambo langu mwenyewe.

Wamekubaliana wamuulize imamu baada ya sala ya Ijumaa. Shangazi nimemwambia jibu bado, hakuniuliza zaidi, akanipakulia wali na samaki wawili.

Basi nawaombeni, ndugu zangu, msicheke. Kicheko kimoja kimeshatoka leo, na wazee wawili wazima wameshindwa kukifasiri.