Uzinduzi wa Mbegu Chotara ya Alizeti Inayotazama Juu

Mheshimiwa mwenyekiti wa kamati ya uteuzi wa mbegu, mheshimiwa makamu wake ambaye pia ni shemeji yangu, waheshimiwa wajumbe, mafundi wa mashine za kukamua, na ninyi akina mama mliokaa sakafuni kwa kuwa viti vimetengwa kwa wageni waliotuma udhuru, itifaki imezingatiwa! (Makofi kutoka mstari wa mbele.)

Kamati niliyoiteua mimi diwani wenu, kwa mchakato shirikishi na upembuzi yakinifu usio na mfano, imekaa semina kumi na nne hotelini, ikachambua aina sita za mbegu chotara, na kwa asilimia mia moja na tatu ikaichagua hii mnayoiona kwenye bango, yenye kichwa kama sinia, mafuta tele, shina lisilolazwa na upepo, na, kwa maelekezo yangu binafsi, ua linalotazama juu badala ya kuinama kama limefiwa. (Kicheko. Mama mmoja: "Likitazama juu si ndege watakula zote, mwanangu? Linaloinama ndilo linalopona!")

Shikamoo, mama. Suala la ndege tumeliundia kamati ndogo. ("Marahaba. Lakini mvua imeanza tangu juzi, ekari zangu tatu zimelimwa zote, na mbegu zangu uliniambia niwape kuku! Nipande nini mimi?" Minong'ono.)

Ndiyo, niliagiza, na kuku wenu wamenawiri, jambo ambalo nalo ni mafanikio na liingizwe kwenye ripoti! (Makofi ya shemeji.) Huwezi kupokea teknolojia ya kisasa huku umekumbatia mbegu za bibi yako. Tuvute subira, haraka haraka haina baraka. ("Mvua haiijui methali hiyo!" Ukumbi unaangua kicheko.)

Nihitimishe. Alizeti juu! ("Juu," wachache.) Mafuta yatiririke! ("Wapi?")

Nawashukuru nyote kwa utulivu wenu. Kipekee namshukuru fundi aliyechora bango, ambaye tulipomuuliza mbegu hii inapatikana wapi alitujibu kwa unyenyekevu kwamba ua lile amelibuni mwenyewe, nasi tumeshamwandikia barua rasmi atuchoree na mbegu zake. Asanteni sana! (Yule mama anamgeukia jirani yake: "Shoga, niambie ukweli. Na wewe uliwapa kuku?" "Tulia, dada. Yeye nilimwambia tu nimewapa.")