Siku ya Mtakatifu Patriki Iwe Sikukuu ya Taifa, na Mimi Nitolewe Stoo

Thornton Heath,
London.
Mwishoni mwa Machi.

Kwako Ndugu Mhariri,
Jarida la Watanzania wa London Kusini.

Nakuamkia wewe pamoja na wote wanaokuchemshia chai unaposoma barua za watu kama mimi. Sisi huku hatujambo. Ni mimi tu niliyeondolewa kaunta nikapelekwa stoo, na huko ndiko ninakokuandikia, nimekalia gunia la maharage. Sababu ya kuhamishwa kwangu ni Ireland.

Naitwa Anselm Shirima, Mchagga mzaliwa wa Rombo, muuzaji katika duka la vyakula la Bwana Firoz hapa High Street. Firozbhai alizaliwa Moshi mjini, na Kiswahili chake ni kizuri kuliko huruma yake. Nakuomba unifikishie ombi kwa wenye mamlaka, maana barua zako zina muhuri na zangu hazina. Naomba tarehe kumi na saba Machi, Siku ya Mtakatifu Patriki, iwe sikukuu ya taifa Uingereza nzima, kazi zisimame, na asiwepo mtu wa kupelekwa stoo kwa ajili yake. Ireland wanayo. Ireland ya Kaskazini, walio chini ya Mfalme huyu huyu tuliye naye sisi, wanayo. Sisi tumekosa nini?

Malalamiko nimeyapa namba ili usipotee.

1. Mtakatifu mwenyewe alikuwa mbeba maboksi kama sisi wa ughaibuni. Wanaosimulia habari zake wanasema alizaliwa upande huu huu wa bahari, akatekwa akiwa kijana, akavushwa hadi Ireland, akachungishwa mifugo ya watu kwenye baridi na mvua, bila likizo. Akafanikiwa kutoroka, akarudi kwao. Wazazi wakamsihi asiondoke tena. Akakaa kidogo, kisha akarudi kule kule alikoteseka. Ndugu Mhariri, nioneshe Mtanzania mmoja wa London ambaye hiyo si habari yake. Sisi tunaokwenda nyumbani Desemba tukiapa kwamba safari hii haturudi, na Januari tuko Heathrow na sanduku la unga wa ulezi, tunaye msimamizi mbinguni na hatujui. Najua watanijibu kwamba hata mtakatifu wao Waingereza, yule wa joka, hawajampa siku ya mapumziko. Hilo ni la nyumbani kwao, mimi siliingilii.

2. Waairishi ni watani wetu, na sheria haitambui. Ukuta kwa ukuta na mimi anaishi Bibi Noreen, mjane aliyekuja London akiwa msichana, akitokea Mayo, magharibi ya Ireland, akafanya kazi ya uuguzi hadi kustaafu. Anapoagana na dada yake kwa simu husema kwaheri, haya kwaheri, haya basi, kwaheri sasa, halafu anaanza habari nyingine kabisa, sawasawa na shangazi yangu wa kule Mkuu, Rombo. Misiba yao ina chakula na vicheko, kama yetu. Siku Generosa, mke wangu, alipompelekea mtori, aliumaliza, akasema mama yake alikuwa akiupika vivyo hivyo ila alisahau ndizi. Watani huzikana, Ndugu Mhariri. Utamzikaje mtani wako kama huna ruhusa hata ya kumsherehekea akiwa hai?

3. Kalenda ya nchi hii imemdharau Bibi Noreen. Hapa ndipo kilipo kisa chenyewe. Zamani alikuwa akienda na mume wake na mashoga zake kwenye maandamano makubwa ya katikati ya jiji. Mume akafariki, mashoga wakafuata mmoja mmoja, na magoti yakazikataa ngazi za stesheni. Tena maandamano hayo hufanywa Jumapili iliyo karibu, jambo lisilompendeza hata kidogo. Yeye anasema mtakatifu alikufa tarehe kumi na saba, wala hakungoja Jumapili.

Mwaka huu, akiwa amekaa dirishani na blanketi mapajani, aliniomba jambo moja. Nimsukume kwenye kiti chake cha magurudumu, tarehe yenyewe, toka mwanzo wa High Street hadi kanisani, naye ashike bendera. Nilimuuliza ataka nini hasa huko barabarani. Akajibu, "Nataka nipite, halafu mtu mmoja aulize kuna nini."

Nikamwendea Firozbhai kuomba ruhusa. Akavua miwani, akaniuliza, "Kwani wewe Mwairishi?" Nikamkumbusha kwa heshima kwamba naye si Mkristo lakini Krismasi hufunga duka. Akasema Krismasi imo kwenye kalenda, na kwamba siku ninayoitaka lori la ndizi linaingia. Nilichopata ni saa yangu ya chakula cha mchana, ambayo ni yangu tangu zamani.

4. Lalamiko hili lilimhusu paroko. Mke wangu amelifuta.

5. Tulilazimika kuandamana kwa wizi wa muda. Tulianza watatu. Bibi Noreen alivaa koti la kijani, kofia ya kijani, na majani matatu yale ya kwao kifuani. Mimi nilisukuma. Generosa, ambaye kazi yake ni kuzunguka nyumba kwa nyumba akihudumia wazee, alikuwa ametoka kwa mmoja na hajafika kwa mwingine, akatembea pembeni na sare yake. Tukapita duka la simu, tukapita kinyozi, tukapita kituo cha basi. Hakuna aliyegeuza shingo. Watu wa London wameshaona kila kitu, na kilichobaki hawataki kukiona. Nikaiona bendera ya Bibi Noreen ikianza kuinama taratibu, mpaka ikalala magotini.

Generosa hakuvumilia. Akapiga kigelegele.

Sasa kigelegele cha mwanamke wa Rombo, Ndugu Mhariri, hakipigwi ovyo Thornton Heath. Mlango wa saluni ukafunguliwa, akatoka mama mmoja wa Kighana na rola kichwani. Aliamini kuna bibi harusi, na kwa imani hiyo akajiunga nyuma yetu na wimbo wa kanisani kwao. Waliokuwa wakisukwa wakamfuata, mmoja ana nywele upande mmoja. Kwa kinyozi kulikuwa na Mjamaika mwenye ngoma, anayeiweka pale kwa sababu mkewe ameikataa nyumbani. Akaona sababu ya kuitoa. Tulipofika kwenye duka la mikate tulikuwa tumeijaza barabara, na nusu ya watu walikuwa wakimpongeza Bibi Noreen kwa ndoa.

Nyuma yetu likasimama basi. Dereva, mzee wa kilemba ambaye baadaye tulimjua kwa jina la Surjit, mzaliwa wa Kisumu, alisikia mimi na mke wangu tukigombana kwa Kiswahili tukate upande gani. Akatoa kichwa dirishani.

"Mzee, hii ni harusi ama ni matanga?"

Nikamjibu, "Ni Ireland."

Bibi Noreen akanivuta mkono, akataka kujua yule bwana amesema nini. Nikamwambia ameuliza kuna nini. Sijawahi kuona uso wa binadamu ukifunguka namna ile. Aliinyanyua bendera mpaka nikahofia nyaya za taa. Surjit, kwa kuwa hakuweza kupita, alipiga honi kwa kufuata ngoma, na abiria wake wakashuka, wengine kwa furaha, wengine kwa kuona kutembea ni haraka zaidi.

Ndipo akatokea Firozbhai. Saa yangu ilikuwa imekwisha, akaja kunitafuta. Aprani za duka letu ni za kijani, na mkononi alikuwa na chane la ndizi mbichi kutoka kwenye lori. Watu walipomwona mtu wa makamo, kijani kifuani, kijani mkononi, anakuja kwa kasi, wakajua mgeni rasmi amefika. Wakampisha. Wakampigia makofi. Alifungua mdomo kuniita kwa jina, makofi yakalimeza. Bibi Noreen akamtazama toka juu hadi chini, akamwambia, "Umechelewa, lakini umevaa vizuri."

Firozbhai akatazama kulia, akatazama kushoto. Akanikabidhi ndizi. Akashika vishikio vya kile kiti na tangu hapo hakuviachia. Kwenye taa za barabarani nilijaribu kuvichukua, akanitazama kama dereva aliyeshikiwa usukani. Tulipolikaribia kanisa mabega yake yalikuwa yakicheza dandia, ile ngoma ya Kihindi ya fimbo.

Bibi Noreen aliwasha mshumaa wake, akalia kidogo, akacheka sana. Dukani tulikuta foleni imesimama mbele ya kaunta tupu, kimya kama ibada, hakuna aliyegusa hata kitunguu.

6. Adhabu haikugawanywa sawasawa. Wiki hiyo hiyo gazeti la mtaa lilitoa picha. Mbele yumo Firozbhai, na chini yake pameandikwa kwamba ndiye kiongozi wa Waairishi wa Thornton Heath. Mimi niko nyuma, zinaonekana ndizi tu. Firozbhai aliikata picha, akaitia fremu, akaitundika juu ya kaunta. Halafu akanihamishia stoo kwa kosa la kuacha kazi. Nikamwambia, "Firozbhai, tulikuwa pamoja." Akasema, "Mimi nilikuwa nakutafuta." Ndugu Mhariri, alinitafuta hadi kanisani, akicheza.

Ingekuwa sikukuu, yote haya yasingetokea. Kwa hiyo naomba tarehe kumi na saba iwe ya mapumziko. Na kwa kuwa chakula hakijipiki, tarehe kumi na sita nayo itolewe kwa mapishi. Tarehe kumi na nane iwe ya kupumzisha magoti. Wachagga waandikwe kwenye sheria za nchi kuwa watani rasmi wa Waairishi, wenye haki ya kuingia misibani kwao na kuondoka na sufuria. Kwa kuwa mtakatifu huyu anasifiwa kwa kufukuza nyoka, kaunsili ya mtaa imwombe aangalie na hawa mbweha wanaopasua mifuko yetu ya taka. Na Bwana Firoz apewe hati ya Uairishi, ili swali lake la "kwani wewe Mwairishi" aweze kujiuliza mwenyewe na kujijibu.

Nisalimie mkeo, wazee wa jumuiya, mweka hazina, na yule dada anayepokea simu kwa sauti nzuri. Generosa anakusalimu. Bibi Noreen anakusalimu, ingawa hakujui. Surjit naye anakusalimu kupitia dirishani.

Wako katika kijani,

Anselm Shirima,
Stoo.

Nyongeza: Kabla sijaifunga, Generosa ameisoma barua yote akiwa amesimama. Akanirudishia na kusema, "Baba Elkana, ingekuwa sikukuu, saluni ingefungwa, kinyozi angekuwa amelala, Surjit asingekuwa zamu, na Firozbhai angekuwa kwa shemeji yake Leicester. Ungemsukuma yule bibi peke yako, barabara tupu. Na mimi ningekuwa kazini, maana wazee hawana sikukuu."

Isitoshe, Firozbhai amekuja stoo sasa hivi kuniuliza tarehe kumi na saba Machi mwakani itaangukia siku gani. Nikamwambia Jumatano. Akasema, "Alhamdulillahi, siku ya kazi," akanirudisha kaunta, kwa maelezo kwamba wateja wanamuulizia yule wa ndizi.

Kwa hiyo ombi langu nalifuta, Ndugu Mhariri. Tafadhali usilifikishe popote. Na kama umeshalifikisha, waombe hao wenye mamlaka, kwa unyenyekevu ule ule, waifute na ile sikukuu yao ya mwisho wa Agosti. Siku hiyo yule Mjamaika hututoroka na ngoma yake kwenda karnivali, na sisi tumemfikiria kwa maandamano mengine.